Krimu ya biharusi: "Si inapakwa juu tu?"

Steroidi iliyomo kwenye krimu hizi za kung'arisha ngozi ni nini?
Ni dawa inayoiga homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Klobetasoli, inayokutwa kwenye krimu nyingi za kung'arisha, ni miongoni mwa steroidi kali kabisa za kupaka. Daktari huiandika kwa ugonjwa wa ngozi, kwa muda mfupi. Si ya urembo.

Lakini si inapakwa juu tu?
Hapana. Liwa ndiyo ya juu, na singo pia: ukioga imeondoka. Steroidi huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo utando wa seli hauizuii. Ikiingia hushikana na kipokezi chake, wakaingia pamoja hadi kwenye kiini cha seli, ilipo DNA.

Huko inafanya nini?
Jeni, yaani kipande cha DNA chenye maagizo ya kutengeneza protini, haijisomi yenyewe. Kwanza protini maalumu hukaa mwanzoni mwake. Katika baadhi ya jeni hutambua herufi za DNA, TATA, zilizopo kama herufi 25 hadi 30 kabla ya mahali pa kuanzia. Protini hizo ndizo zinazomkaribisha mnakili, kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi II. Nyuzi za DNA hufunguliwa, kunakili kukaanza. Sasa steroidi na kipokezi chake huingilia hapo hapo mlangoni: jeni hii inakiliwe, ile inyamaze. Miongoni mwa zinazonyamazishwa ni jeni za kolajeni, inayoipa ngozi uimara. Ndiyo hiyo michirizi ya mapajani. Haifutiki, hata ukipaka nini.

Mimi napaka kidogo, usoni tu.
Nimeshasema, si juu tu! Ngozi ya uso ni nyembamba, hunyonya zaidi. Na aliyepaka mwili mzima miezi kadhaa, tezi zake huweza kulala, maana mwili unaona homoni ipo tele.

Basi niache leo?
Kama umepaka sana na kwa muda mrefu, usiache kimyakimya, maana tezi zilizolala haziamki mara moja; wala usiendelee kwa siri. Njoo hospitali tukupangie. Nimempokea biharusi hina bado inang'aa mikononi, anatapika, presha imeshuka, somo wake anasema ni kijicho. Kumbe tyubu ilikuwa imekwisha siku tano nyuma, na yeye kalala ndani siku mbili akisomewa. Someni, sikatazi, lakini someni njiani mkija hospitali. Kutapika, kulegea au kuzimia baada ya kuacha krimu ni hospitali saa hiyohiyo. Si kesho, si baada ya fungate.

Na tyubu ije, hata kama lebo imebanduliwa. Wengi huificha krimu, hunitajia sabuni tu.