Mwanagenzi wa Mauaji Haanzi na Upanga

Vijana kadhaa wa hapa Nakuru hunipa miswada yao ya hadithi za fantasia niisome, na shule ya wauaji haikosi: ngome mlimani, mwalimu mkali, yatima mwenye kipaji. Nazipenda sana hadithi hizi. Ndiyo maana huniuma mafunzo yenyewe yasipoaminika.

Dhana: miezi sita ya upanga humgeuza mtoto wa kijijini kuwa bingwa.

Ingia ukumbi wa ndondi utazame. Kenya inamkumbuka Philip Waruinge, aliyeleta nishani ya shaba kutoka Olimpiki za Meksiko mwaka 1968 na ya fedha kutoka Munich mwaka 1972. Mkono kama ule haujengwi kwa msimu mmoja. Jioni moja nilimtazama msichana wa miaka kama kumi na minne akifunzwa hatua moja tu: mguu wa kushoto utangulie, wa kulia ufuate, visigino visikutane. Saa nzima, bila glavu. Kila alipokosea, kocha aligonga sakafu kwa fimbo: "Rudi kwenye chaki." Mwishowe alikuwa akitazama mbele, lakini vidole vyake vilionekana vikipapasa ndani ya raba, vikiutafuta mstari. Tuonyeshe chaki hiyo katika sura ya pili, nasi tutauamini upanga katika sura ya kumi.

Dhana: muuaji huvaa nyeusi na kupita juu ya mapaa.

Mwaka 1092, Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa Waseljuki, watawala wa Kituruki walioitawala Uajemi, alichomwa kisu na mtu aliyemjia katika mavazi ya Kisufi. Mwaka 1192, mjini Tiro, katika Lebanoni ya leo, Conrad wa Montferrat, kiongozi wa Wapiganaji wa Msalaba, aliuawa na watu wawili ambao masimulizi ya kale yanasema walijifanya watawa. Silaha yao ya kwanza ilikuwa kuaminika. Basi mafunzo yawe ya lafudhi, ya dua, ya jinsi wapagazi wanavyoinama chini ya gunia. Mimi ningempeleka mwanagenzi katika soko kama letu la Wakulima, auze sukuma wiki mwezi mzima. Ajue kufunga fungu, kunyunyizia maji majani yaliyoanza kunyauka, kubishana bei bila kukasirika. Mama wa meza ya pili akimwachia mtoto amshikie, amefaulu. Akimuuliza, "Wewe kwenu ni wapi hasa?" amefeli, na arudi kuanza upya.

Dhana: sumu ikinywewa kidogo kidogo, mwili huizoea.

Si kila sumu. Zebaki na madini ya risasi hujilimbikiza mwilini. Shujaa wako atakuwa anajiua polepole.

Dhana: shule nzuri huwatesa wanafunzi mpaka abaki mmoja.

Nani atalisha watoto kumi kwa miaka minane ili azike tisa? Tena mtoto mwenye njaa na asiyelala hashiki anachofunzwa. Usingizi ndio unaotia somo akilini. Woga peke yake nao humfanya mtu atoroke mara tu mlango unapoachwa wazi, na muuaji lazima atumwe mbali, peke yake, kisha arudi. Kinachomrudisha ni upendo, na hapo ndipo penye ukatili wa kweli. Andika mwalimu anayejua kwamba mtoto huyu hapendi uji wenye sukari. Anamfunga kitambaa kwenye kidole kilichokatika, anapuliza jeraha, anamuuliza kama bado linauma. Kisha, akiwa bado ameushika mkono huo, anamtajia jina la mtu.