Tangi lililojaa halilipuki kwa sababu ya jua

Joto likianza tu, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: usijaze tangi la petroli, weka nusu, la sivyo gari litalipuka juani. Si kweli.

Petroli haiwaki yenyewe mpaka ifikie nyuzi joto zipatazo 250 za Selsiasi. Gari lililoegeshwa juani halikaribii hapo. Kutanuka inatanuka: lita 50 zikipanda joto kwa nyuzi 20 huongezeka takriban lita moja. Kwa hiyo tangi huundwa likiwa na nafasi juu, na katika magari mengi ya sasa mvuke wa petroli hupitia mpira hadi kwenye kopo lenye mkaa unaounyonya. Isitoshe, tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya mvuke kuliko la nusu, na kinachowaka ni mvuke.

Wengi hutishwa na ule mlio wa "fsss" wanapofungua kifuniko. Ni presha ndogo tu.

Kosa lenyewe ni kuendelea kubinya pampu ikishajikata: petroli huweza kuingia kwenye kopo la mkaa na kuliharibu. Soma sehemu ya kujaza mafuta kwenye kitabu cha gari lako uhakikishe. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.