Kutu ya Majani ya Kahawa: Alama Isiyodanganya Chini ya Hadubini

Unga wa rangi ya chungwa upande wa chini wa jani la mbuni huashiria ugonjwa wa kutu, unaoletwa na kuvu, lakini rangi peke yake si ushahidi. Unga mkavu hupauka, na doa lililozeeka hugeuka kahawia na kufanana na la kuvu wa Cercospora. Anayepotea hapo atapulizia dawa isiyofaa.

Chuma majani 5 hadi 10 ambayo bado yana unga, uyatie kwenye bahasha ya karatasi na kuandika tarehe na shamba. Usitumie mfuko wa plastiki: jani hutoka jasho, ukungu wa kawaida huota juu ya doa, na baada ya siku mbili utakuwa unachunguza ukungu huo badala ya kutu.

Gusa unga kwa ncha ya sindano, kiasi kidogo tu. Uchovye kwenye tone moja la maji katikati ya slaidi, kisha laza kioo chembamba cha kufunikia kwa mshazari, kikianzia ukingo mmoja. Kikidondoshwa bapa hunasa mapovu, na povu lenye ukingo mweusi limewahi kuhesabiwa kuwa spora, yaani chembe ya uzazi ya kuvu. Unga ukizidi, spora hulaliana na umbo halionekani. Anza na lenzi ya 10, ndipo uhamie ya 40.

Spora ya Hemileia vastatrix, kuvu anayeleta kutu hii, ina umbo la kipande cha chungwa kilichomenywa. Mgongo wake una miiba mifupi, tumbo lake ni laini kabisa. Ndiyo maana ya jina Hemileia, kutoka Kigiriki: nusu laini. Wataalamu wa kuvu Berkeley na Broome walilitoa mwaka 1869 kwa sampuli za Sri Lanka, na hadi leo hiyo ndiyo alama tunayoitegemea kuliko zote. Urefu huwa kati ya mikroni (sehemu za elfu za milimita) 26 na 40 hivi, lakini usipime kabla ya kulinganisha mistari ya lenzi ya jicho na slaidi ya vipimo. Spora iliyolala kifudifudi huonekana duara tu, kwa hiyo gusa kioo taratibu kwa sindano ili zigeuke.

Spora za Cercospora ni tofauti kabisa: ndefu, nyembamba, hazina rangi, zimegawanyika vyumba vyumba.

Ukikata kipande chembamba cha jani kwa wembe kupitia kwenye doa, utaona spora zimetoka kwa vishada kwenye stomata, vitundu ambavyo jani hupumulia, bila kupasua ngozi yake. Kutu nyingine nyingi hupasua.

Katika Afrika ya Magharibi na ya Kati yupo pia kuvu mwingine wa kutu ya kahawa, Hemileia coffeicola. Unga wake hausimami kwenye madoa bali hutapakaa upande wote wa chini, kwa hiyo mtume mtu wa maabara picha ya jani zima, si ya doa tu. Na ukikuta utando mweupe juu ya unga wa chungwa, usiitupe sampuli: mara nyingi ni kuvu mwingine anayekula kutu yenyewe. Chukua unga pembeni, ambako weupe haujafika.