Mshikaki mgumu huanzia buchani

Mtu akitafuna mshikaki mpaka taya zikamuuma, lawama zote humwendea mchomaji. Nimechoma nyama Dar miaka mingi, na lawama hizo nimezila sana. Ila mara nyingi nyama huwa imeshaharibiwa kabla mkaa haujawashwa.

Ng'ombe wetu ni wa nundu, wa malisho, tena mtembezi. Wengi hutoka bara, wanapitia mnada wa Pugu ndipo wafike mabuchani. Paja la mnyama huyo halina mafuta ndani. Steki yake inapendeza machoni, mdomoni ni kazi.

Halafu kuna saa ya kuchinjwa. Nyama ikitoka machinjioni huwa ya moto na laini. Saa chache baadaye misuli hukakamaa, na kwa ng'ombe ukakamavu hufika kileleni ndani ya siku moja hivi, ndipo vimeng'enya vya nyama yenyewe vianze kuilegeza polepole. Sasa sisi tunanunua asubuhi, tunachoma jioni: katikati kabisa ya ugumu! Kibaya zaidi ni kuitia friza ingali na joto. Misuli ambayo haijamaliza kukakamaa ikipigwa na baridi kali hujikunja kupita kiasi, na hapo hata ukiomba dua. Mimi huiacha ipoe taratibu ndani ya friji la kawaida, chini, siku mbili au tatu. Nyumbani waliniona bahili nisiyetaka nyama iliwe.

Papai bichi kila mtu analijua, wachache wanalitumia vizuri. Utomvu wake una papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini. Watu hudhani kinamaliza kazi bakulini, kumbe kinachangamka zaidi motoni, nyama ikikaribia nyuzijoto 60 au 70, kisha joto likizidi kinakufa. Ukiloweka usiku kucha utapata uji kwa nje na ugumu uleule kwa ndani. Kilo moja naipa kijiko cha chai cha papai lililosagwa na ganda lake, maana utomvu mwingi uko kwenye ganda, na nailoweka saa moja tu. Papai lililoiva halisaidii. Chumvi natia mapema, inazuia maji yasikimbie. Ndimu naikamulia nyama ikiwa tayari sahanini, kwa sababu ikilala nayo muda mrefu uso wa nyama hukauka.

Kukata je? Angalia nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kisha kisu kizikingame. Ukikata kwa kuzifuata, mteja anatafuna kamba. Ni hilo tu, lakini nimeona wachomaji wazoefu wakilikosea.

Motoni nasubiri mkaa uvae majivu meupe. Kati ya vipande vya steki nachomeka kimoja cha nundu, mafuta yake yayeyuke na kuwapaka majirani. Nageuza mara kwa mara, naepua wekundu wa ndani unapotoweka tu. Nyama mbichi simpi mtu, tegu ni wa kweli. Ila wapo wanaosimama pembeni wakisema, "Kaka, ongeza moto, ikauke vizuri." Wa hivyo siwabishii siku hizi. Mshikaki wao nautunga nundu mbili kwa kila steki.