Frataniti ni nini hasa? Tuanze na Alpha Phi Alpha

Wengi wetu tukisikia neno frataniti kinachokuja kichwani ni muvi za Kimarekani, vijana wamejazana kwenye jumba la chuo, muziki juu, bia kila kona. Hiyo picha ipo kweli lakini haitoshi kabisa. Neno lenyewe linatokana na Kilatini, frater, yaani ndugu wa kiume, kwa hiyo frataniti ni chama cha udugu cha wanafunzi wanaume, cha wasichana kinaitwa sororiti. Majina yao huwa ni herufi za Kigiriki, desturi iliyoanza na Phi Beta Kappa mwaka 1776 kule Virginia. Hujiungi tu kwa kujaza fomu, wanakuchagua, unakula kiapo, kuna mambo ya siri humuelezi mtu wa nje, na ukishaingia umeingia, hata ukiwa babu mwenye wajukuu bado ni memba.

Sasa mimi nikitaka mtu aelewe maana yake vizuri namuelezea Alpha Phi Alpha, kwa sababu hapo ndo unaona udugu ulikuwa na kazi ya kufanya.

Chuo cha Cornell, mji wa Ithaca, jimbo la New York. Mwaka wa masomo wa 1904 na 1905 kulikuwa na wanafunzi Weusi wachache sana na sita kati yao hawakurudi mwaka uliofuata. Fikiria uko chuoni, baridi kali, hulali bweni na wenzako, umepanga kwa familia za watu Weusi mjini, na frataniti za Wazungu hazikutaki, halafu hata wale wachache mliokuwa mnasalimiana nao wanapotea mmoja mmoja. Waliobaki wakaanza kukutana kusoma pamoja na kushikana mkono, wakabishana sana kama wabaki kikundi cha masomo tu au wawe frataniti kamili, na tarehe 4 Desemba 1906 wakaamua. Waanzilishi ni saba na memba wanawaita Vito Saba: Henry Callis, Charles Chapman, Eugene Kinckle Jones, George Kelley, Nathaniel Murray, Robert Ogle na Vertner Tandy. Ndo frataniti ya kwanza ya Weusi yenye matawi vyuo mbalimbali, tawi la pili lilifunguliwa Chuo cha Howard, Washington, mwaka 1907 tu. Na hao saba hawakuishia kwenye vikao, Callis alikuja kuwa daktari, Tandy akawa msanifu majengo na ndiye aliyechora lile jumba la Madam C. J. Walker, tajiri Mweusi wa biashara ya vipodozi vya nywele, Jones akaiongoza National Urban League, shirika la kutetea Weusi wa mijini, miaka mingi.

Kinachonigusa zaidi ni kesi. Miaka ya 1930 frataniti ilisimama nyuma ya Donald Murray, kijana aliyenyimwa nafasi ya kusoma sheria Chuo Kikuu cha Maryland kwa sababu ya rangi, na mawakili wake walikuwa Charles Hamilton Houston na Thurgood Marshall, wote wawili Alpha. Wakashinda. Mwaka 1950 kesi ya Henderson, mtu aliyebaguliwa kwenye behewa la chakula la treni, ikafika Mahakama Kuu ya Marekani na wakili wake Belford Lawson naye alikuwa Alpha, wakashinda tena. Marshall ndo huyo huyo wa kesi ya Brown ya 1954 iliyovunja ubaguzi wa shule, na 1967 akawa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama Kuu.

Na huyu Marshall ana historia na sisi huku. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwita awe mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba ya Kenya wa Lancaster House, London, akawaandalia rasimu ya haki za raia. Kabla ya hapo alifika Kenya, polisi wa kikoloni wakamkatalia kuhutubia mkutano Kiambu, akaomba aseme neno moja tu, wakamruhusu, akasema "Uhuru!" na umati ukalipuka.

Memba wengine ukiwataja mtu anashangaa, msomi W. E. B. Du Bois, mwimbaji na mwigizaji Paul Robeson, Jesse Owens wa Olimpiki ya Berlin, mwanamuziki wa jazi Duke Ellington, mwimbaji Lionel Richie. Martin Luther King Jr. aliingia mwaka 1952 akiwa anasomea udaktari wa falsafa Boston, na ile sanamu yake kubwa ya Washington iliyofunguliwa 2011 ilisukumwa na hawa hawa ndugu zake, waliohangaika na Bunge na michango miaka na miaka.

Siyo kila kitu ni kizuri, frataniti nyingi Marekani, za Weusi na za Wazungu, zimeumiza vijana kwa mateso ya kuwapokea wapya, wengine wamekufa, na hilo kwangu halina utetezi hata kidogo.

Matawi yao nayo yanaitwa kwa herufi, Alpha ni Cornell, Beta ni Howard, lakini Omega, herufi ya mwisho, haijapewa chuo chochote. Memba akifariki wanasema ameingia tawi la Omega, na humo wamemuweka pia Frederick Douglass, yule mpinga utumwa maarufu, aliyefariki 1895, miaka kumi na moja kabla wale vijana saba hawajaianzisha frataniti.