Kanzidata ya jenomu za mimea: maana yake na namna ya kuisoma

Kanzidata ya jenomu ni hazina ya kielektroniki inayohifadhi mfuatano wa DNA wa kiumbe pamoja na maelezo ya sehemu zake zinazojulikana, na kumwezesha mtu yeyote mwenye intaneti kuutafuta, kuusoma na kuulinganisha na mwingine. Jenomu yenyewe ni jumla ya maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Dhana hii isichanganywe na benki ya jeni, ambayo licha ya jina lake huhifadhi mbegu zenyewe, kama ile ya taifa iliyoko Arusha. Benki ya jeni hutoa punje za kuotesha. Kanzidata hutoa maandishi.

Kwa sisi wa Dodoma mfano wa karibu ni mtama. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2009, nayo ina herufi zipatazo milioni 730 zilizogawanyika katika kromosomu 10, yaani nyuzi za DNA zilizomo ndani ya seli. Ya zabibu ilikwishatangulia mwaka 2007, na ya uwele ikafuata mwaka 2017. Ghala kuu la maandishi haya ni GenBank ya Marekani, ambayo hubadilishana data kila siku na wenzake wa Ulaya na Japani, lakini mtafiti wa mimea mara nyingi huanzia Phytozome, Ensembl Plants au SorghumBase, kwa sababu huko herufi zimekwisha kupangwa na jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo mahususi, zimekwisha kuwekewa alama.

Tuchukue jeni moja, Sobic.005G213600. Jina hili linatisha machoni, lakini lina mpangilio: Sobic ni kifupi cha Sorghum bicolor, yaani mtama, 005 ni kromosomu ya tano, na tarakimu zinazofuata herufi G ni namba ya jeni hiyo katika kromosomu hiyo. Ukiiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, unaoneshwa mahali ilipo, protini inayotengenezwa kutokana nayo, na jeni zinazofanana nayo katika mimea mingine. Watafiti huiita LGS1, na umuhimu wake unaeleweka vizuri zaidi shambani kuliko kwenye kompyuta.

Mkulima wa Chamwino au Bahi anakifahamu kiduha, gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mtama na kunyonya maji na chakula chini ya ardhi kabla halijachomoza, hata mtama ukadumaa na kunyauka kana kwamba mvua imekatika, ilhali udongo bado una unyevu. Mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi na zinaweza kukaa ardhini miaka mingi bila kuota, zikisubiri kemikali inayotolewa na mizizi ya mmea utakaonyonywa. Mwaka 2017 kundi la watafiti, akiwemo Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia aliyetunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009, lilionesha kwamba mtama uliopoteza jeni ya LGS1 hutoa kemikali ya aina nyingine, isiyoamsha mbegu za kiduha kwa nguvu ileile. Ukinzani huo, basi, unatokana na kitu kilichokosekana.

Hapa ndipo msomaji wa kanzidata anapopaswa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Jenomu ya mtama iliyochapishwa mwaka 2009 ni ya mbegu moja, BTx623, ambayo inayo LGS1. Laiti ingechaguliwa mbegu kinzani iliyopoteza jeni hiyo, ramani hiyo isingeonesha hata dalili yake. Kwa maneno mengine, jenomu ya marejeo ni habari za mmea mmoja, nayo inaweza kukosa jeni zilizomo katika mtama ambao bibi zetu wamekuwa wakiuchagua kwa mkono, suke kwa suke, kabla ya msimu wa kupanda. Kwa sababu hiyo wanasayansi sasa hukusanya jenomu za mbegu nyingi za zao moja na kuziweka pamoja, ili kilichomo katika mbegu hii na kisichomo katika ile kionekane wazi.

Naona hapo ndipo mchango wa watafiti wa kanda ya kati unapohitajika sana. Mfuatano unaowasilishwa kwenye kanzidata huambatana na fomu ya maelezo kuhusu sampuli, na fomu hiyo hujazwa mara nyingi kwa haraka, nchi pekee ikatajwa. Jani lililochumwa Hombolo lina thamani kubwa zaidi likiandikiwa kijiji, tarehe, aina ya udongo, kama shamba lilikuwa na kiduha au la, na jina ambalo mwenye shamba analitumia kuiita mbegu hiyo.