Sahani chini ya mwembe

Kiangazi kikielekea ukingoni, simu ninazopigiwa hufanana: "Bwana miti, mwembe wetu umeota kitu kama sahani chini ya shina. Tuukate?" Safari hii ilikuwa Isevya, hapa Tabora mjini, kwa bibi ambaye mwembe wake ni mkongwe kuliko nyumba. Nilimkuta ameshabandua sahani moja kwa panga na kupaka oili chafu pale ilipotoka. "Nimeuwahi, mwanangu."

Hakuwa ameuwahi. Sahani ile ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotapakaa ndani ya mti, na huwa zimekula miaka kabla ya kuzaa nje. Kuchuma embe hakuui mwembe.

Zilibaki mbili, pana kama kiganja, ngumu kama ubao, juu kahawia yenye matuta, chini nyeupe. Gome la jirani lilikuwa na unga wa rangi ya kakao. Bibi alidhani ni vumbi la barabarani, kumbe ni mbegu za uyoga wenyewe. Hii ni jamii ya Ganoderma. Huko Uingereza huota hata kwenye mialoni (miti ya oak) ya bustanini, ila kiini cha mwaloni kina ukali unaochelewesha kuoza. Mwembe hauna kinga hiyo.

Nilianza na nyundo ya mbao. Unazunguka shina ukigonga, kama mtu anayechagua tikiti sokoni, na kila linapolia debe unatia alama ya chaki. Upande wa mashariki uliita vizuri. Upande wa barabarani, penye sahani, ulilia debe kuanzia ardhini hadi usawa wa kiuno changu, na shina hapo limevimba kama kitambi. Watu huona kitambi hicho wakasema mti umenona. Mtaalamu wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kuchunguza vidonda, alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi yetu: huzungushia ukuta sehemu iliyoharibika, kisha huongeza mbao mpya nje. Kitambi ni mti unaojiegemeza.

Ndiyo maana keekee naitumia kwa uchoyo, kwani kila tundu linaweza kutoboa ukuta huo. Nilitoboa mara tatu tu. Mzingo ulikuwa sentimita 360, yaani nusu kipenyo kama 57. Kanuni tunayoanzia ni kwamba mbao nzima iliyobaki pembeni isipungue theluthi ya hapo, sentimita 19. Mashariki biti ilikwenda 28 ikitoa unga mkavu. Kaskazini 21. Penye sahani, sentimita 9 tu, kisha mkono ukazama ghafla na biti ikarudi na nyuzi nyeupe zilizolowa, kama muhogo uliochemka kupita kiasi.

Shina peke yake lingeweza kujadiliwa. Kilichoniamulia ni mizizi, ambayo kanuni ile haiisemei kitu. Upande uleule palichimbwa mtaro wa bomba la maji, na mizizi miwili minene ikakatwa. Nilifukua kwa mkono, nikachoma kwa msumari mrefu: uliingia wote bila kusukumwa. Na mwembe una majani mengi. Upepo wa mvua za Novemba huushika kama tanga. Chini yake kuna benchi la bodaboda.

Nilimwambia bibi benchi liondoke leo hii, na mti ushushwe kabla ya mvua, libaki shina la kama mita tatu. Mwembe huchipua, kivuli kidogo kitarudi, na kila mwaka nitakuja kugonga. Sementi kwenye uwazi asitie; haizuii kuoza, na siku ya kukata itaua msumeno.

"Na embe za mwaka huu?"

"Hakuna, bibi."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Mjukuu wake alikuwa ameokota ile sahani iliyobanduliwa, akaigeuza, akakwaruza jina lake kwa kucha kwenye upande mweupe. Herufi zikageuka kahawia papo hapo. Akaniuliza kama na zile mbili anaweza kuzichukua.